Njia ya Miguu ya Ziwani Isifungwe



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wasomaji wengi watadhani ni dogo, nalo ni njia za miguu zifuatazo ukingo wa ziwa tangu Bukoba hata Muleba. Habari za michezo wenzangu wamekwisha kuziandika, na jinsi timu yetu ilivyofungwa sina haja ya kurudia. Mimi naandika kwa sababu muhula uliopita Chama cha Jiografia kiliomba ruhusa ya kutembea njia hizo kwa siku tatu, tukajibiwa kwamba ombi litafikiriwa. Kabla halijafikiriwa, habari zikafika kwa wazazi, na baadhi yao wakatuma maneno ya kuwa hawakuwaleta watoto wao shuleni wapate kuzurura maporini. Wazazi wetu ni watu wa kuheshimiwa na maneno yao yanastahili jibu. Hili ndilo jibu langu, ingawa ni refu.

Kwanza nieleze nchi yenyewe, maana wapo wenzetu waliotoka Dodoma, Tanga na Mbeya ambao tangu wafike hapa wameona stendi ya basi, soko, na ukuta wa shule, basi. Nchi ya Bukoba na Muleba imekaa kama migongo ya ng'ombe waliolala sambamba: mgongo, kisha bonde, kisha mgongo tena, yote ikifuata ziwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Mgongo wa kwanza hukatika ghafula juu ya maji kwa majabali ya mawe ya mchanga ya zamani sana. Juu ya migongo ndipo palipo na vijiji, na kila kibanja kimegusana na kingine, migomba kwa mibuni, hata mgeni hudhani anapita katika msitu mmoja wa ndizi. Baina ya kijiji na kijiji iko rweya, yaani mbuga ya majani, ambako watu hukata nyasi na kuchunga. Na chini ya majabali, pale yanapoachia nafasi, pana fukwe za mchanga, nyingine ndefu, nyingine za kukaa mitumbwi miwili tu.

Watu wakisikia habari ya msitu mnene na ufuko wa mchanga mahali pamoja, fikra zao huruka moja kwa moja Pangani au Unguja. Sisi hatuna bahari, lakini tuna ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo ng'ambo yake haionekani, lenye mawimbi na pepo zake. Tena tuna mvua kuliko hao wa pwani. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukienda Karagwe, mwendo wa saa chache kwa basi, zinapungua karibu nusu. Sababu yake tumefundishwa darasani, lakini niliielewa siku niliyolowana. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo hutoka pande zote za nchi kavu kuingia ziwani. Pepo hizo zinapokutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Kisha upepo utokao mashariki huyasukuma mawingu hayo mpaka ng'ambo yetu ya magharibi. Ndiyo maana radi ya Bukoba hupenda kuja alfajiri, wakati kengele ya kuamka inapolia, na ndiyo maana mtu anayetaka kutembea ukingoni asifanye haraka kuondoka kabla ya kuliangalia ziwa.

Mvua hiyo ndiyo iliyootesha misitu. Leo kando ya ziwa imebaki vipande vipande katika makorongo ambayo jembe halikuweza kufika, na chini ya majabali. Msitu mkubwa uliosalia ni Minziro, kaskazini, katika wilaya ambayo siku hizi ni Missenyi, mpakani na Uganda, wenye kilomita za mraba zipatazo 250. Nao ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msitu huo haupo mlimani. Umesimama katika bonde tambarare la mto Kagera, na mvua zikizidi miti husimama ndani ya maji. Mipodo, ambayo sisi tumezoea kusikia kwamba ni miti ya milimani kwenye baridi, pale imeota katika tope. Vipepeo na ndege wake wengi kwao ni misitu ya Kongo, na hawaonekani mahali pengine popote katika Tanzania. Mtoto wa Bukoba anaweza kufaulu mtihani wa Jiografia kwa kueleza misitu ya Amazoni, asijue kwamba ukingo wa msitu wa Kongo umefika mkoani kwake.

Uko na mti mmoja ambao yafaa kila mwanafunzi wa hapa aujue. Wenyeji huuita mhumula. Wataalamu huuita Maesopsis eminii. Jina hilo la pili limetokana na Emin Pasha, yule yule aliyejenga kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mti huu ni wa kwetu, haumwonei mtu. Lakini ulipochukuliwa na kupandwa Amani katika milima ya Usambara, ukaanza kuenea msituni na kuchukua nafasi ya miti ya huko, hata wataalamu wakaingiwa na wasiwasi. Habari hii niliisoma kitabuni na kuisahau. Nilipouona mti wenyewe umesimama korongoni, mrefu na mnyofu, ndipo ilipoingia kichwani isitoke tena. Naitaja kwa makusudi, kwa sababu hoja ya kwanza ya wazazi ni kwamba matembezi hupoteza wakati wa masomo.

Tena njia hizi si porini. Neno 'pori' linatudanganya. Huko Katuruka, upande wa Maruku, Profesa Peter Schmidt na wenzake walichimba tangu mwaka 1970 wakakuta mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma iliyofanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Chuma hakitoki bila tanuri, na tanuri halipati moto bila makaa. Mawe yenye chuma, udongo na makaa yote yalibebwa na watu, kwa miguu. Njia zilikuwapo. Ziliendelea kuwapo wakati wa wafalme wa Kiziba, wa Kianja na wa Ihangiro. Mwaka 1875 Stanley alipopigana na watu wa kisiwa cha Bumbire, mtu aliyesimama juu ya mgongo wa Muleba siku hiyo, kama hapakuwa na ukungu, alikuwa akikiona kisiwa kama tunavyokiona sisi leo. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa huko walikimbia wakiwa na watoto mgongoni, na wengi wao hawakukimbia kwa motokaa. Basi mtu asiseme kwamba tunataka kutengenezewa njia mpya za anasa. Njia zipo, kinachotokea ni kwamba zinafungwa.

Sasa nieleze tuliyoyaona. Jumamosi moja ya muhula uliopita tulitoka wanafunzi kumi na mmoja pamoja na mwalimu wetu kwa matembezi ya siku moja tu, kuelekea kusini. Tulipita Bunena, tukateremka ukingoni. Mwanzo njia ilikuwa nzuri sana. Tulipita ufuko ambao akina mama walikuwa wakianika dagaa juu ya nyavu kuukuu, tukaingia katika kipande cha msitu chenye giza na nyani, tukatoka katika ufuko mwingine ambako mchanga ulikuwa na alama za ndege tu. Mwenzetu mmoja kutoka Singida akavua viatu, akasimama majini mpaka kwenye vifundo vya miguu bila kusema neno. Mwalimu akamwambia atoke, pana kichocho. Akatoka, lakini nilimwona amefurahi.

Baada ya saa mbili hivi tukakuta ukuta. Sitataja ni mahali gani wala ni wa nani, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu gazetini. Ukuta ulitoka juu kwenye jabali ukateremka mpaka majini, na mwisho wake ukamaliziwa kwa seng'enge iliyoingia ziwani kiasi cha hatua sita au saba. Njia ya miguu ilikuwa inaonekana dhahiri, imekanyagwa hata kuwa mtaro, inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta na kufia pale. Tulipiga hodi. Mlinzi akatujibu kwa adabu, kwamba yeye ameajiriwa tu na amri aliyopewa ni kutopitisha mtu. Tukarudi nyuma, tukapanda jabali kwa mikono, tukatokea barabara ya lami, tukaendelea kandoni mwa malori na bodaboda. Hakuna tuliyejifunza lolote kwa kilomita zile zilizobaki, isipokuwa namna ya kuruka mtaroni.

Kwetu sisi kumi na mmoja hayo yalikuwa usumbufu wa siku moja. Lakini kwetu nyumbani, upande wa Muleba, ni maisha. Kijiji chetu kiko juu ya mgongo, na mwalo uko chini. Zamani palikuwa na njia ya kuteremka mwaloni na njia nyingine ya kufuata ukingo mpaka shule ya msingi. Watoto walikwenda shule kwa njia ya chini, chini ya miti, bila kukutana na chombo chochote chenye magurudumu. Miaka minne iliyopita kiwanja kilichokuwa katikati kiliuzwa, kikazungushiwa seng'enge, na njia ikafungwa. Watoto wakahamia barabarani. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye yuko darasa la nne, aligongwa na pikipiki akienda shule. Alivunjika mguu. Alipona, twamshukuru Mungu, ila anachechemea kidogo na amerudia darasa. Aliyemgonga alikuwa kijana mwenye haraka, na sisemi kwamba seng'enge ilimgonga mtoto. Nasema tu kwamba asubuhi ile mtoto asingalikuwa barabarani.

Bibi yangu, ambaye amekuwa akiteremka mwaloni tangu alipoolewa, sasa huzunguka. Nilipomwuliza kama walipata kulalamika, alicheka, akasema, 'Mjukuu wangu, tulilalamika kwa nani? Tulipoulizwa karatasi ya njia, hatukuwa nayo. Njia gani ina karatasi?' Nikanyamaza. Tangu siku hiyo neno hilo halijanitoka, na ndilo lililonifanya niende maktaba.

Huko maktaba nilikuta kwamba karatasi ipo kwa namna moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Watu wengi wanaijua kwa jina la 'mita sitini'. Ni kweli sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wapita njia. Ilitungwa ili kulinda maji na kingo zake. Lakini haimkatazi mtu kupita kwa miguu, na mahali palipokatazwa nyumba na kuta ndipo njia inapoweza kukaa bila kumnyang'anya mtu kitu. Wapo watakaosema mita 60 ni nyingi mno. Ziwa lenyewe limekwisha kuwajibu. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, na wazee wa mialo wanakumbuka nyumba zilizokwenda. Mwaka 2020 yakapanda tena hata kuipita alama ya 1964. Fukwe nyingi zikafunikwa, na waliojenga karibu wakaona mawimbi yanagonga mlangoni. Njia ya miguu ina akili: maji yakipanda, nayo inasogea juu, yakishuka, inashuka nayo. Ukuta hauwezi. Kwa hiyo njia ya ziwani haihitaji mstari mwembamba katika ramani tu, yahitaji nafasi ya kusogea.

Upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha Vancouver huko Kanada, iko njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 75, ipitayo katika msitu wa mvua na juu ya fukwe za mchanga za bahari ya Pasifiki. Watu hutoka nchi za mbali kuitembea kwa siku tano, sita, saba, wakipanda ngazi za mbao na kuvuka mito. Mtu anaweza kudhani ilitengenezwa kwa ajili ya matajiri wapendao hewa safi. Sivyo. Kwanza palikuwa na njia za wenyeji wa asili. Kisha, mwisho wa karne ya 19, waya wa simu ya maandishi ukapitishwa hapo. Mwezi wa Januari mwaka 1906 meli iitwayo Valencia ilipanda miamba karibu kabisa na nchi kavu, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wanawake na watoto wote waliokuwamo hawakupona hata mmoja. Msaada haukufika kwa sababu pwani ile ilikuwa haipitiki. Ndipo serikali ikaitengeneza njia, ikajenga vibanda vyenye simu, ili watu waweze kuwafikia waliovunjikiwa na chombo. Matembezi ya kufurahisha yalikuja baadaye sana. Hata leo wenyeji wa asili wa nchi ile ni miongoni mwa wanaoilinda njia, na mahali pamoja wao ndio huwavusha watembeaji kwa mashua. Idadi ya watu kwa siku imewekewa mpaka, na majira ya baridi hufungwa.

Sisi nasi tunayajua maji. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba iliyokuwa imepakia abiria hapa na Kemondo ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Hapana njia ya miguu iliyoweza kuwasaidia hao, kwa kuwa walikuwa mbali na nchi kavu, nami sitaki kuutumia msiba wa watu kwa hoja isiyofaa. Lakini tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitaka kutua Bukoba ilianguka majini karibu na uwanja. Ndani walikuwamo watu 43. 19 walikufa, 24 wakaokoka. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Walifika kwa sababu wavuvi bado wanaishi na kufanya kazi ukingoni, na mitumbwi ilikuwa mchangani, si nyuma ya geti la mtu. Tukiacha ukingo wote ufungwe kuta kwa kuta, siku nyingine nani atakuwapo? Mtu anayezama mita mia moja kutoka ufukoni haokolewi na aliye juu barabarani.

Hapo nafika kwenye hofu za wazazi, nazo si za bure. Mamba wapo, hasa penye matete na midomo ya mito. Viboko wapo. Kichocho kipo, nacho hukaa katika konokono wa maji yaliyotulia, ndiyo maana kila mwaka watoto wa shule katika vijiji vingi hupewa vidonge. Radi ipo, na mtu asikae chini ya mti mrefu wala juu ya jabali inapopiga. Lakini hofu hizi zote ni za mtu asiyeijua nchi. Mtoto wa mwaloni anajua mahali mamba alipo kama mtoto wa mjini anavyojua mahali lori linapopita. Sheria tulizozipendekeza ni nyepesi: hapana kuogelea, hapana kuingia majini, kutembea na mwenyeji wa kila kijiji, kuondoka mawingu ya asubuhi yakiisha, na kulala katika shule zilizokubali kutupokea. Mwalimu wetu ameongeza yake, kwamba hapana simu mkononi ukiwa juu ya jabali, kwa kuwa siku hizi watu hufa wakijipiga picha. Wengine walinuna. Mimi naona ni sawa.

Juu ya hoja ya mitihani, nimekwisha kusema habari ya mhumula. Naongeza tu kwamba jaribio la ramani la muhula uliopita, kusoma kontua, lilishinda zaidi ya nusu ya darasa letu. Wale kumi na mmoja tuliopanda jabali kwa mikono hatukukosea swali la mteremko mkali. Huenda ni bahati.

Iko pia hoja nyingine ambayo haikutoka kwa wazazi, bali kwa rafiki zangu wanaoniunga mkono. Wao husema, tutangaze njia hii kwa watalii, fedha zitaingia. Sina ugomvi na fedha. Tangu mwaka 2019 Muleba imepakana na kuingiana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na wageni wataongezeka. Lakini naogopa kuanza na watalii. Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya mgeni hufungwa mgeni asipokuja. Tena mwenye hoteli atakuwa wa kwanza kusema kwamba akina mama wa dagaa wanaharibu sura ya ufuko. Afadhali njia iwe ya mwenye ndoo kichwani na mtoto mwenye daftari kwanza, na mgeni apite nyuma yao, alipe kidogo kwa kijiji na kwa kijana anayemwongoza, apewe ndizi na sato, aende zake ameridhika. Wenzangu wasemao kwamba nina mawazo ya kizee nimewasikia.

Yapasa nini basi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na vijiji vinaweza kupanga matumizi ya ardhi yao. Njia zikichorwa katika mpango huo, bibi yangu atakuwa na karatasi. Lakini mtendaji wa kijiji hana muda wa kutembea kila njia akiipima, na vijiji vingi havina mchoro wowote wa njia zao. Sisi tuna muda, tuna miguu, na siku hizi simu moja ya mwalimu inatosha kuandika mahali tulipopita kwa usahihi wa mita chache. Ndiyo kazi ambayo Chama cha Jiografia kiliomba ruhusa kuifanya: kutembea tangu Bukoba, Bunena, Kemondo, na kuendelea kusini chini ya Kamachumu mpaka mialo ya Muleba, tukiandika njia iko wapi, imefungwa wapi, nani huitumia na kwa shughuli gani, kisha kila kijiji kipewe nakala ya mchoro wake. Hatutabomoa ukuta wa mtu, wala hatutagombana na mlinzi. Tutaandika tu kwamba pale pana ukuta na umeanza lini, kwa maneno ya watu watatu walio jirani.

Kwa barabara, Bukoba na Muleba zinaachana yapata kilomita 70. Kwa ukingo ni zaidi, kwa sababu ya kuzunguka ghuba, hivyo siku tatu hazitatosha kufika mwisho. Tumekubaliana kuimaliza kwa vipande, kidato cha tatu wafanye cha kwanza mwaka huu, kidato cha tano kinachofuata, na watakaokuja wamalizie. Mwalimu Mkuu amesema kwamba atalipeleka ombi kwenye kikao cha wazazi cha muhula ujao. Namwomba kila mzazi atakayefika amwulize mwanawe kwanza kama amepata kuliona ziwa kwa karibu tangu aanze shule hapa.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimweleza bibi mpango huu. Nilidhani atanikataza kwa ajili ya mamba. Akauliza tutakuwa wangapi, na kama tutakuwa na viatu vinavyofaa mawe. Kisha akasema atatuongoza mwenyewe kutoka mwaloni mpaka penye seng'enge, na njiani atatuonyesha mahali walipokuwa wakipumzika na mizigo yao, na chemchemi iliyo chini ya mrumba ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Kutoka hapo na kuendelea, alisema, itabidi tuulize kwa watu wa upande wa pili, maana yeye ni miaka minne sasa hajapita.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano,
Chama cha Jiografia.